Magauni Ishirini na Mawili Kwenye Mlango Mwekundu

Tangu Jumapili ile kwaya ya akina mama ilipoingia kanisani imevaa sare mpya, nimeulizwa maswali mawili. La kwanza: tumezipata wapi? La pili huulizwa kwa sauti ya chini: kwa nini ndani ya kola ya Mama Njeri kumeandikwa "Solange, nyonga pana"? Mama Njeri si Solange, na kuhusu nyonga sitasema kitu.

Nimeona niandike mara moja, niache kusimulia kwenye basi kila mtu anaponikuta. Mimi si mwandishi. Shule niliiacha darasa la sita Uvira, kwetu Kongo, Kiswahili cha daftari nilikipata kambi ya wakimbizi Kigoma, na mazoea ya kuandika nimeyapata kazini. Ninatunza wazee, na kila zamu lazima niandike mzee amekula nini, amelala vipi, ana malalamiko gani. Msimamizi wetu alitufunza: andika ulichokiona, si unachokidhania. Nimejaribu kumfuata. Palipo na dhana nitasema ni dhana.

Habari za tiketi na za kuomba ruhusa ya kuingia nchi za watu nitaziruka. Zilinichosha mimi, hakuna sababu ziwachoshe na ninyi.

Langley Park mpaka Dulles

Kwanza mjue nilikuwa naenda kufanya nini. Dada yangu mkubwa, Yaya Béatrice (kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa), anaishi Brussels, na alikuwa anamwoza binti yake Clarisse. Mdogo wetu wa mwisho, Espoir, ni fundi cherehani katika mji wa Leicester, Uingereza. Kwetu harusi bila sare ni mkutano tu. Akina mama wa upande wa bibi harusi huvaa kikwembe kimoja, yaani kitenge, mshono mmoja, na huingia ukumbini wakicheza kwa mstari. Kwa miaka mingi sare za Wakongomani wa Ubelgiji na Ufaransa alizishona Espoir. Jumatatu anafunga boksi, boksi linapanda ndege, Jumatano akina mama wanageuka-geuka mbele ya kioo. Halafu Waingereza wakapiga kura ya kutoka katika umoja wa Ulaya, wakatoka, na boksi la Espoir likaanza kurudi.

Sare za Clarisse zilirudi mara mbili. Mara ya kwanza fomu ya forodha ilikosa namba fulani. Mara ya pili namba ilikuwepo, lakini ilikuwa namba ya mapazia.

Espoir akanipigia. "Yaya, pasipoti yako ni ya Amerika. Mwamerika akishika sanduku ni mtalii. Miye nikishika sanduku ni mfanyabiashara. Pitia huku uzibebe."

Yeye mwenyewe aliwahi kubeba nguo za harusi nyingine mpaka Ufaransa, akarudishwa nazo, akaapa hatasimama tena kwenye mlango ule. Tena Jumamosi hiyohiyo ya Clarisse alikuwa na nguo za harusi ya palepale Leicester, na dukani amebaki peke yake.

Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonipandisha ndege. Mkataba wa chumba chake cha kushonea ulikuwa unakwisha mwezi ule. Barua ya kumwambia mwenye nyumba kwamba anaondoka alikwisha kuiandika, imelala kwenye droo ya cherehani. "Wamama ishirini na wawili wakivaa kazi yangu siku moja, mahali pamoja, watu watajua fundi bado iko. Nitaipasua barua. Wasipovaa, mwisho wa mwezi naipeleka."

Niliomba likizo kwa Mzee Walter, ninayemtunza pale Takoma Park. Mzee Walter alifanya kazi miaka arobaini mjini Washington akiandika ripoti za biashara ya dunia. Sasa kumbukumbu zimemkimbia, ila zile za biashara zimebaki. Nikamuuliza juu ya hili jambo la Waingereza. Jumatatu alinieleza kwamba wamejipalia makaa. Jumanne alinieleza kwamba wametumia busara, nchi lazima ishike mlango wake. Jumatano akarudi kwenye makaa. Siku zote tatu nilimwamini, kwa sababu siku zote tatu alieleza vizuri. Nikaandika: Amezungumza sana. Amekula nusu.

Mama Njeri, ambaye ni nesi, alishuka kutoka Germantown kunipeleka uwanja wa ndege wa Dulles kwa gari lake. Kutoka mlangoni kwangu mpaka barabara kubwa tulitumia dakika arobaini kwa sababu ya reli inayojengwa. Reli mnaijua. Jirani yangu alianza kuingojea akiwa mjamzito. Mtoto sasa anaandika jina lake.

"Hii reli na hiyo maneno ya Waingereza ni kitu moja," Mama Njeri alisema, mkono kwenye honi. "Kila mtu ameambiwa itakuwa poa. Hakuna mtu ameipanda."

"Labda itafika," nikasema.

"Mama Neema, wewe hata shetani ungesema labda ana sababu."

Nikaanza kufikiria kama anayo.

London mpaka Leicester

Juu ya bahari sina malalamiko. Kuku alikuwa mkavu, lakini walituuliza kwanza kama tunamtaka. Kutoka London nilipanda basi la masafa, nikalala, nikaamka mvua inanyesha upande mmoja tu wa basi.

Chumba cha Espoir kiko juu ya duka la mazulia. Kina meza tano za cherehani, na tatu zimefunikwa mashuka. Nikamuuliza za nani. Za akina mama watatu wa Romania waliokuwa wakimsaidia. Wawili walirudi kwao baada ya kura. Hakuna aliyewafukuza, alisema, walichoka tu kuulizwa wataondoka lini. Wa tatu alibaki mpaka maboksi yalipoanza kurudi, akapata kazi kwenye kiwanda cha mikate. "Mkate hauvuki mpaka," Espoir akasema.

Magauni yalikuwa yananing'inia kwenye bomba kutoka ukuta mpaka ukuta. Jamani. Samawati iliyoiva, na vibuyu vya manjano. Kikwembe chenyewe kilichapwa Uholanzi, kile cha kweli, na maandishi ya upindoni yanasema hivyo. Ninyi wa Kenya hili huenda hamlijui: kwetu upindo ule haukatwi. Mama anayejiheshimu huacha maandishi yaonekane, la sivyo jirani atasema amevaa cha kuiga. Kwa hiyo Espoir aliupitisha upindo chini kabisa, kuzunguka kila gauni, maandishi yote nje. Ndani ya kila kola aliandika kwa wino jina la mwenyewe na neno la kumkumbusha fundi: "Béatrice, usibane." "Chantal, amejifungua." "Solange, nyonga pana."

Tulikula ugali, sombe ya majani ya muhogo na ndagala za ziwani kwetu alizozitunza kwenye friza kama dhahabu. Akanipa maagizo mdomo umeshika pini.

"Ukifika ku douane, pale wanakagua mizigo, kuna mlango wa kijani na mwekundu. Pita kijani. Nguo ni nguo. Sema ni zako."

"Zote ishirini na mbili?"

"Waamerika wako na manguo mengi. Watakubali."

"Na nyonga zote hizi ni zangu?"

Akacheka mpaka pini zikamwagika sakafuni. Tulizitafuta wote wawili kwa magoti. Kisha akanivalisha langu, la ishirini na tatu, akaniambia nisafiri nalo mwilini, watu waone jinsi linavyokaa. Nilipofungua droo kutafuta uzi niliiona barua. Bahasha ilikuwa tayari na stempu.

Uwanja mdogo

Ijumaa asubuhi alinipeleka kwenye uwanja mdogo wa ndege usio mbali. Harusi ilikuwa kesho yake. Shirika la ndege sitalitaja, maana sikusikia upande wao mpaka mwisho.

Ndege ilipaswa kuruka saa tatu asubuhi. Tuliiona dirishani, imeshatiwa mafuta, imetulia. Saa nne ikafika. Saa tano ikafika. Mbele yangu alikaa bwana mmoja mwenye sare ya rubani, anakunywa chai na kujaza fumbo la gazeti. Nikamuuliza kama ndege ile ni yake.

"Kwa macho tu," akasema.

Akanieleza polepole, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Uingereza ilipotoka, shirika lao lilijigawa: kampuni moja ya Uingereza, moja ya Ulaya, rangi moja, tabasamu moja. Ndege ya Kiingereza iliyotakiwa kutubeba ilikuwa imeharibika. Wameleta nyingine. Hiyo nyingine imeandikishwa Ulaya, na leseni yake yeye ni ya Uingereza.

"Kwani vitufe vya ndani ni tofauti?"

"Mama, vitufe ni vilevile. Ndege hiihii nimeirusha miaka kumi na moja, kabla hatujawa wageni mimi na yeye."

"Sasa tunamngoja nani?"

"Rubani mwenye leseni ya Ulaya. Anatoka Dublin."

"Anakuja kwa ndege gani?"

Akanywa chai kwanza. "Hiyo nayo imechelewa."

Nilikwenda kaunta kuuliza, kwa adabu. Dada wa kaunta ya kwanza alisema ndege inayochelewa ni ya wenzao wa Ulaya, niwaulize wao. Kaunta ya wenzao ilikuwa hatua mbili kulia. Dada wa pale, skafu ileile shingoni, alisema tiketi niliuziwa na kampuni ya Uingereza, nirudi kushoto. Nikarudi kushoto. Nikaenda kulia. Mara ya tatu niliona kwamba dada wa kulia anakula keki ya dada wa kushoto, kwa uma mmoja. Kusema haki, kila mmoja alinipa vocha ya sandwichi bila kujua mwenzake amenipa. Ya pili niliirudisha. Aliitazama kama nimempa nyoka.

Tuliruka saa tisa alasiri. Rubani wa chai alitupungia mkono kutoka dirishani.

Foleni ya wengine wote

Brussels kuna foleni mbili za pasipoti. Moja ni ya watu wa Ulaya, nayo si foleni, ni watu wanaotembea. Ya pili ni ya wengine wote. Nilisimama ya pili, nyuma ya bwana mmoja Mwingereza mwenye kofia ya ukili na mke wake.

"Zamani tulikuwa tunapita pale," bwana akaniambia, anaonyesha wale wanaotembea.

"Poleni," nikasema. "Karibuni huku."

"Tulipiga kura ili tuushike mpaka wetu wenyewe."

Mke wake akatazama mkono wa mumewe, uliokuwa umekamata kamba ya foleni. "Umeushika, mpenzi. Usiuachie."

Sikucheka. Nisimwonee yule bwana. Alisema shemeji yake alikosa kazi ya kupaka rangi nyumba kwa sababu ya wageni wa bei rahisi, na mimi sikuwepo, siwezi kusema si kweli. Tena alinipa peremende. Basi na mimi nikawapa nilichonacho. Foleni ya wengine wote nimesimama maisha yangu yote: ya mahindi, ya dawa, ya mahojiano. Nikawafundisha wafungue pasipoti mapema kwenye ukurasa wa picha, wavue miwani kabla ya kuambiwa, na wasiangalie saa, kwa sababu ofisa akiona unaangalia saa anajua unayo haraka. Mke akanishukuru. Bwana akavua kofia.

Mbele kuna mashine mpya ya alama za vidole. Vidole vya wale wawili vilisoma mara moja. Vyangu havikusoma. Miaka tisa ya kuogesha wazee kwa sabuni ya hospitali imevilainisha kama kijiko. Ofisa akasema bonyeza zaidi. Nikabonyeza. Akasema panguza. Nikapanguza kwa gauni. Mara ya sita mashine ikanikubali, nadhani kwa kuchoka.

Mlango mwekundu

Masanduku yangu mawili yalikuwa yamebaki peke yake yakizunguka. Mbele yake milango miwili, kama Espoir alivyosema. Kijani kwa asiye na cha kutangaza. Mwekundu kwa mwenye nacho. Watu wote walipita kijani, hata jamaa mmoja mwenye televisheni.

Nilisimama katikati. Nilimkumbuka Espoir na bahasha yake yenye stempu. Nikakumbuka pia siku nilipoinua mkono mbele ya hakimu kule Baltimore, nikaapa kuwa raia mwema. Siku ile sikuuliza kiapo kinaishia wapi, kama kinafika Ubelgiji. Kazini, palipo na shaka tunaandika. Nikaingia mwekundu.

Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na kengele juu ya meza. Nikaipiga. Akatoka mama wa makamo, miwani shingoni, akanitazama kwa huruma. "Choo kiko upande wa pili," akasema kwa Kifaransa.

"Nina magauni ishirini na mawili," nikasema.

Akakaa.

Alifungua masanduku, akagusa kitambaa kwa mgongo wa mkono kama tunavyogusa paji la mgonjwa. "Ni mazuri sana. Yameshonwa wapi?"

"Uingereza."

Akaweka kalamu chini. Halafu akauona upindo, akavaa miwani, akasoma. "Lakini hiki ni kitambaa cha Uholanzi."

"Cha kweli kabisa, mama." Nilifurahi. Nilidhani tumefika. Uholanzi kutoka pale ni mwendo mfupi wa gari. "Kwa hiyo ni cha kwenu. Kimerudi nyumbani."

"Kingekuwa cha kwetu kama kingekuwa na karatasi inayosema kilitoka lini Ulaya na huko Uingereza kimefanywa nini. Bila karatasi ni mgeni. Kuchapwa hapa hakutoshi."

Hapo sikubishana. Mimi nilizaliwa Uvira, na nimewahi kuambiwa na mtu mwenye muhuri kwamba hilo halionekani kwenye karatasi yoyote. Nilikielewa kile kikwembe kuliko nilivyomwelewa yule mama.

Nimpe haki yake: hakuinua sauti, alinipa maji, na alimpigia Espoir kwa simu ya ofisi. Espoir akasema karatasi hiyo anaweza kuituma ndani ya dakika kumi, na safari hii si ya mapazia.

"Ninakuamini," ofisa akamwambia. "Ila ofisi inayoipokea imefunga saa kumi na moja. Itafunguliwa Jumatatu."

Nilitazama ukutani. Saa kumi na mbili kasorobo. Nikamkumbuka rubani na chai yake. Angeruhusiwa kurusha ndege aliyoirusha miaka kumi na moja, ningekuwa pale kabla ya chakula cha mchana.

Ofisa akanipa simu. Espoir akaniuliza: "Yaya. Ulipita nyekundu?"

"Ndiyo."

"Walikuita?"

"Hapana."

"Ulienda mwenyewe?"

"Palikuwa na kengele."

Akakata simu. Mimi sijui mpaka leo kama nilifanya vizuri. Nimeliandika kwenye daftari pande mbili za ukurasa, upande wa ndiyo na upande wa hapana, na pande zote zimejaa.

Nikaanza kufungua vifungo vya gauni nililovaa. "Hili nalo ni la kundi hilohilo," nikamwambia. "Nilivue hapa?"

Yule mama alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Nguo iliyovaliwa ni nguo," akasema. "Nenda nayo, tafadhali. Nenda."

Nje Yaya Béatrice alikuwa ananingoja, akaona mikono mitupu. Nikamweleza palepale.

"Weye! Mutu gani anajipeleka mwenyewe ku nyekundu?" Akawaambia waliokuja naye: "Mumesikia? Kulikuwa kengele, akaipiga!"

Ukumbini

Jumamosi akina mama wote walivaa walichonacho. Solange alivaa waridi, Chantal kijani, mwingine koti la kazini. Ndoa ilifungwa vizuri na bibi harusi alipendeza. Hayo yaandikwe kwanza.

Ila hakuna aliyekumbuka kumwambia mshereheshaji. Wakati wa chakula ulipokaribia, akapaza sauti: "Na sasa, familia ya mama yake bibi harusi, kwa sa-re ya-o!" Muziki ukafunguliwa. Mlango ukafunguliwa. Nyuma ya mlango nilikuwepo mimi, nimetoka kunawa mikono.

Watu mia wakanitazama nilivyo: sare ya mtu mmoja. Mimi si mchezaji, mnanijua, kwenye kwaya nasimama nyuma. Lakini muziki ulikuwa wetu, na kusimama pale mlangoni ilikuwa aibu zaidi kuliko kucheza. Nikaanza. Hatua mbili mbele, moja nyuma, geuka, upindo uonekane. Ukumbi ule ni mrefu. Niliucheza wote, na nafasi za wenzangu ishirini na wawili nikiwa nimeziacha wazi kushoto na kulia, kwa sababu sikujua nizifanyeje.

Nilipofika katikati, Clarisse akainuka kwenye kiti chake cha juu. Bibi harusi haruhusiwi kushuka. Alishuka. "Mama mdogo, ulifika," akaniambia sikioni, akacheza nami. Solange akaja nyuma yetu na waridi lake, kisha wengine, rangi zote, mpaka Yaya Béatrice, ambaye alikuwa bado amenuna, akacheza amenuna.

Baadaye akina mama walinizunguka kushika gauni. Niliona jambo moja, na hili si dhana, nililiona mara nyingi: kila aliyeuliza "Nani ameshona?" alifurahi kusikia jibu, na kila aliyeuliza "Anaishi wapi?" aliachia upindo.

Mtu alimtumia Espoir video. Akaniandikia neno moja tu: "Moja."

Brussels mpaka Dulles

Yaya Béatrice alikataa kwenda kuyakomboa magauni. Harusi imekwisha, alisema, alipie sare za kulalia? Ndege yangu ya kurudi ilikuwa Jumatatu mchana, nikaenda mwenyewe mapema. Ofisa alikuwa yuleyule. Nikamuuliza inahitajika karatasi gani ili magauni yatoke Ulaya.

"Kutoka?" akasema. "Kutoka ni rahisi." Akapiga muhuri mara tano, akaniletea masanduku, akanisaidia kuyasukuma mpaka kaunta ya ndege. Nikamuuliza, kwa kuwa sasa tumezoeana, kama na Waingereza waliambiwa hivyo. Alicheka, halafu akaangalia nyuma kama kuna mtu amesikia.

London nilipita bila kutoka uwanjani. Nilimpigia Espoir. Simu iliita mpaka ikachoka.

Dulles ofisa alikuwa dada mwenye kucha ndefu za fedha. Akauliza nina nini cha kutangaza. Nikamweleza tangu mapazia. Watu nyuma yangu walikuwa wanahema kama ng'ombe. Akaitazama karatasi ya Brussels na mihuri yake, akaandika kitu, nikalipa nilichoambiwa, hakikuwa kingi.

"Dada," akasema, "hizi nguo zimekaguliwa kuliko nilivyokaguliwa mimi nilipoomba kazi hii. Nenda nyumbani."

Takoma Park

Kazini Mzee Walter aliniuliza nimeona nini. Nikamweleza yote, rubani, vidole, kengele. "Ndivyo nilivyotabiri," akasema. Kesho yake nikamweleza tena, akasema ndivyo alivyokanusha. Amekula yote.

Magauni yalikaa siku kumi chini ya kitanda changu. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na kila nilipoinama kutafuta viatu niliyaona masanduku. Ndipo mazoezi ya kwaya yakafanyika nyumbani kwangu, kwa sababu ya baridi kanisani, na Mama Njeri akaenda kutundika koti lake akarudi na gauni.

"Mama Neema, hii ni nini na mbona umeificha?"

Mengine mnayajua, mlikuwepo. Mlijaribu mpaka jikoni. Wakenya, Warundi, Wakongomani, mkabadilishana majina ya watu msiowajua: "Nani Chantal? Mimi si Chantal, nipe Béatrice." Mama kumi na tisa. Matatu yamebaki, na mwenye kutaka aje.

Jumapili ile tulipoimba, Neema binti yangu alitupiga picha kutoka juu ya ngazi, wao kumi na tisa na mimi wa ishirini, upindo umejipanga kama reli iliyokwisha. Nikaituma Leicester. Sikuandika kitu chini yake. Sikuwa na hakika nina haki ya kuandika.

Siku mbili kimya. Siku ya tatu, siku ya mwisho ya mwezi, simu ikalia nikiwa namlisha mzee uji. Espoir hakuanza na salamu.

"Yaya, nani yule amevaa la Yaya Béatrice? Limemkaa kuliko mwenyewe."

"Ni mama mmoja wa Nakuru."

"Na wa tatu kutoka kushoto. Mkono umepita kiwiko vibaya. Nani alimwambia akunje? Haikunjwi ile, inashonwa upya. Nipatie kipimo chake, bega mpaka kiwiko, kiwiko mpaka mkononi. Niko na kipande kimebaki."

"Na barua?" nikauliza.

"Barua gani? Nimeigeuza, vipimo naandikia nyuma yake. Sema, ninaandika."

Sikuwa na vipimo. Boksi lake likija huku sijui kama litapita. Mzee Walter Jumatatu anasema litapita, Jumanne anasema halitapita. Lakini fundi anangoja, penseli mkononi. Kwa hiyo wewe wa tatu kutoka kushoto, unajijua, acha kukunja huo mkono. Jumamosi niko nyumbani mchana kutwa. Njoo nikupime.